Kila Kitu na Mahali Pake: Madhabahu ya Nyumba Yenye Dini Nyingi

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya familia za dini mchanganyiko, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Namaste. Na wazee wetu wa kaya, walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, mlioketi mstari wa mbele, shikamooni.

Nimezipitia salamu zote hizo kwa sababu najua humu ukumbini zipo familia zinazozijibu zote kwenye mkeka mmoja wa chakula. Hapa pwani hilo ni jambo la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri hadharani. Ami ni imamu. Shangazi hakosi Jumuiya Ndogo Ndogo kila wiki. Bibi kule Kaloleni bado anamwaga unga na maji, na tembo la mnazi, kuwaarifu koma, roho za wazee waliotangulia, kabla mjukuu hajasafiri. Mkwe naye ametoka nyumba ya Kihindu ambako taa ya samli huwashwa kila jioni, na hawezi kulala vizuri bila kuiwasha.

Walioniita wameniambia kwamba swali linalowarudia mara kwa mara ni hili: tukihamia nyumba yetu wenyewe, tuweke nini ukutani, na tukiweke wapi? Linasikika kama swali la mapambo. Si la mapambo. Nimeshuhudia ndoa ikitetereka kwa sababu ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Picha yenyewe haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa ukuta. Hapa Mombasa kibla kiko kaskazini, na mke, bila nia mbaya yoyote, aliitundika kwenye ukuta wa kaskazini, uleule anaouelekea mumewe akitandika msala. Mume alinyamaza mwezi mzima akisalia sebuleni, na kimya kile kikazaa maneno mengine ambayo hayakuhusu picha tena.

Nina jambo moja tu la kusema leo. Nyumba inaweza kubeba mila na dini kadhaa kwa miaka mingi, kwa amani na kwa heshima, iwapo haitazichanganya kama kachumbari, bali itaipa kila moja mahali pake, wakati wake na adabu yake. Silisemi kwa nadharia. Nimeliona kule Japani, na wenye kulifanya wamelifanya kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Habari yenyewe inaanzia karibu, hapo Malindi. Mwaka 1542 meli ya Wareno iliyokuwa ikielekea Goa ilitia nanga pale, na ndani yake alikuwamo padre wa Kijesuiti, Francis Xavier. Alimzika Malindi mtu aliyefariki melini. Katika barua aliyoiandika baadaye kutoka Goa, anaeleza kwamba Mwislamu mmoja wa heshima mjini alimwendea akamuuliza kama kwao Wakristo bado wanahudhuria ibada, maana pale Malindi kulikuwa na misikiti 17 na ni mitatu tu iliyokuwa na watu, na jambo hilo lilimsumbua sana moyoni. Mimi nampenda mzee yule. Alichukua jambo lililomuuma kweli akalipeleka kwa mtu wa dini nyingine, mgeni wa juzi. Xavier alimjibu kwa ukali wa zama zake, wakaachana bila kuafikiana. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, Xavier huyohuyo alishuka Kagoshima, kusini mwa Japani, na huko ndiko ninakotaka kuwapeleka.

Nilisoma Nagasaki, na familia iliyonipokea iliishi katika nyumba ya mbao ya ghorofa moja. Katika chumba cha chini, juu kabisa karibu na dari, palikuwa na rafu ya mbao isiyopakwa rangi, na juu ya rafu kijumba kidogo chenye paa na mlango. Hiyo ndiyo kamidana, rafu ya kami, wale wanaoabudiwa katika dini ya Shinto. Ndani ya kijumba mnakaa ofuda, karatasi au kibao chenye jina la kami wa hekalu fulani, na nyumba nyingi huwa na ile inayotoka hekalu kuu la Ise. Kila asubuhi mama mwenye nyumba alipandisha kijisahani cha mchele, kijisahani cha chumvi na kikombe cha maji. Pembeni palikuwa na matawi mabichi ya mti uitwao sakaki. Aliinama mara mbili, akapiga makofi mara mbili, akainama mara moja. Basi.

Kisha aliingia chumba cha pili. Huko kulikuwa na kabati refu la laka nyeusi lenye milango miwili, na akiifungua, ndani mote ni dhahabu. Hilo ni butsudan, madhabahu ya Kibuddha. Mna sanamu ya Buddha, na chini yake vibao vyembamba vyenye majina ya marehemu wa familia, majina ambayo watawa wa Kibuddha huwapa watu wakishafariki. Aliweka kijibakuli cha wali, ule wa kwanza kuchotwa kwenye sufuria kabla mtu yeyote hajala. Aliwasha kijiti cha ubani. Aligonga kengele ndogo ya shaba, akaunganisha viganja, akanyamaza. Halafu alizungumza na mama mkwe wake aliyefariki zamani, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimweleza kwamba mjukuu wake amefaulu mtihani.

Nilimuuliza kwa nini kule anapiga makofi na huku hapigi. Akanijibu, "Kule nawaita kami. Huku nakaa na wazee wangu."

Ningependa mlitafakari jibu hilo. Mama yule hakuwa na dini nusu na nusu. Kwenye rafu alikuwa mzima, na kwenye kabati alikuwa mzima. Hakuwahi kupandisha ubani wa wafu kwenye rafu ya kami, wala hakupiga makofi mbele ya vibao vya marehemu. Na mpangilio wa nyumba ulimsaidia asikosee. Wajapani wengi huepuka kuweka kamidana na butsudan zikitazamana, kwa sababu ukiinamia moja utakuwa umeipa nyingine mgongo. Huepuka pia kuweka moja juu ya nyingine. Kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na ghorofa, na watu walikanyaga juu ya kamidana walipokwenda kulala, palibandikwa darini karatasi yenye neno moja tu, "wingu", ili kutamka kwamba juu ya kami hakuna nyayo za mtu, kuna mawingu tu.

Lililonigusa zaidi lilitokea babu wa nyumba ile alipofariki. Katika Shinto kifo kina unajisi, na kami hawaletewi unajisi. Jirani mmoja, mtu wa nje ya familia, alikuja akaifunika kamidana kwa karatasi nyeupe. Haikupewa mchele, haikupewa maji, haikupigiwa makofi, kwa siku 50 kama desturi inavyotaka. Wakati huo huo, kwenye chumba cha pili ubani uliwaka mchana na usiku, na watawa wa Kibuddha walikuja kusoma. Siku 50 zilipotimia karatasi ikatolewa, matawi mapya ya sakaki yakawekwa, na mchele ukapandishwa tena. Hakuna aliyesema kwamba dini moja imeshinda nyingine. Moja iliiachia njia nyenzake, kwa muda unaojulikana, na kwa utaratibu ambao kila mtu mtaani aliujua.

Mtaniuliza kama mambo haya yalijipanga yenyewe. Hapana. Dini ya Buddha iliingia Japani kutoka Korea katika karne ya 6, na mwanzoni ilileta ugomvi mkubwa kati ya koo za wakubwa. Mwaka 685 mfalme Temmu alitoa amri kwamba kila nyumba katika majimbo iwe na mahali pa Buddha, pawekwe sanamu na maandiko. Baadaye, katika enzi ya watawala wa Tokugawa, kila familia ililazimishwa kuandikishwa kwenye hekalu la Kibuddha, na lengo mojawapo lilikuwa kuwanasa Wakristo. Makuhani wa Ise nao walizunguka vijijini wakigawa ofuda, na ndivyo kamidana ilivyoenea majumbani mwa watu wa kawaida. Kisha mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji ikaamuru kami na Buddha watenganishwe. Mahekalu yaliyokuwa yakitumia uwanja mmoja kwa karne nyingi yakagawanywa, na mengine ya Kibuddha yakavunjwa. Hata hivyo, majumbani, sehemu nyingi rafu na kabati zilibaki palepale. Amri iliweza kutenganisha mahekalu. Ilishindwa kumwambia mwanamke asimpelekee mama mkwe wake wali wa asubuhi.

Nije kwa Wakristo, maana hao ndio waliobeba mzigo mzito kuliko wote. Xavier alifika Hirado mwaka 1550, na karibu na Hirado kuna kisiwa kiitwacho Ikitsuki ambako watu wengi walibatizwa katika miaka iliyofuata. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki. Mwaka 1614 dini yenyewe ikapigwa marufuku nchi nzima. Mapadre waliuawa au walifukuzwa. Watu waliletewa sanamu za Yesu na Maria wazikanyage, na aliyesita alijulikana.

Walifanya nini? Sebuleni waliweka butsudan, kwa sababu sheria iliwataka wawe Wabuddha. Waliweka kamidana, kama majirani zao. Na kule nyuma, kwenye chumba cha giza cha kuwekea nafaka na vyombo, ambacho mgeni hakuingia, walificha picha ya Bikira Maria aliyechorwa amevaa kimono na kumkumbatia mtoto. Ikitsuki huwaita hao nandogami, kami wa chumba cha ghala. Sala zao ziliitwa orasho, maneno ya Kilatini, Kireno na Kijapani yaliyopokezwa kwa mdomo kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, hata maana ya mengi yakapotea lakini sauti ikabaki. Sehemu nyingine za Nagasaki walitumia sanamu ya kaure nyeupe, iliyotoka China, inayomwonyesha Kannon, mwenye huruma wa Kibuddha, amepakata mtoto. Ofisa wa serikali akiingia aliona Kannon. Bibi wa nyumba alimwona Maria. Nyingi za sanamu hizo zilizokamatwa zimehifadhiwa leo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo.

Walikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 200 bila padre hata mmoja. Tarehe 17 Machi 1865, padre Mfaransa aitwaye Bernard Petitjean alikuwa katika kanisa jipya la Oura, mjini Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni, walipoingia wakulima kutoka Urakami. Mwanamke mmoja akamsogelea akamwambia kwamba moyo wao ni sawa na moyo wake, kisha akamuuliza sanamu ya Santa Maria iko wapi. Marufuku haikuwa imeondolewa, na wengi wa Urakami walikamatwa na kupelekwa uhamishoni mbali na kwao, zaidi ya watu 3,000, hadi mwaka 1873 serikali ilipolegeza.

Na hapa pana jambo ambalo Wakatoliki wenzangu humu huenda likawasumbua. Baada ya 1873, wakiwa huru kabisa kurudi kanisani, baadhi ya familia hizo hazikurudi. Ziliendelea na orasho zao, na picha yao ya ghalani, pamoja na butsudan na kamidana. Mapadre waliwataka wayatupe yale mengine. Wao waliona kwamba mle kwenye kabati la Kibuddha mna majina ya babu na bibi waliowafundisha sala, waliohatarisha shingo zao ili sala ile iwafikie, na hawakuweza kuwatupa hao. Mimi siwezi kuwahukumu. Ninachokiona ni kwamba madhabahu iliyoanza kama kificho, kwa vizazi saba au zaidi, iligeuka kuwa nyumbani kwao. Mwaka 2018 UNESCO iliyaweka maeneo ya Wakristo hao wa siri wa Nagasaki katika orodha ya urithi wa dunia, lakini wenyewe wanaosali orasho wanazidi kupungua, kwa kuwa vijana wamehamia mijini.

Sasa, msije mkadhani kwamba Japani nzima inakubali kuweka vyote pamoja. Lipo dhehebu kubwa la Kibuddha, Jodo Shinshu, ambalo kwa mafundisho yake halitaki kamidana nyumbani. Waumini wake wanamtegemea Buddha Amida peke yake, hawaweki vibao vya majina ya marehemu kama wengine, na ofuda hawazihitaji. Hawa ni Wajapani halisi, wanaishi mlango kwa mlango na wenye rafu na kabati, na wamesema hapana kwa karne nyingi bila kuhama mtaa.

Nalisema hili kwa sababu yenu. Katika mikutano kama huu, mara nyingi mtu anayesema hapana huonekana mkorofi, na anayekubali kila kitu huonekana mwenye upendo. Si kweli. Mwislamu akisema kwamba hawezi kushiriki mbele ya sanamu wala kumwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu, hajapungukiwa na upendo. Anashika tauhidi, ambayo ni msingi wa dini yake. Mlokole akisema kwamba hataki chungu cha tambiko chumbani mwake, naye asikilizwe. Madhabahu ya pamoja inayojengwa juu ya mtu aliyenyamazishwa haitadumu, na ikidumu itakuwa imemgharimu mtu huyo kitu ambacho hamtamrudishia. Wapo wanandoa ambao jibu lao sahihi ni kutokuwa na madhabahu ya pamoja kabisa. Wawe na meza ya chakula ya pamoja. Inatosha.

Kabla sijafika kwenye nyumba zetu, nizungumze na vijana, maana najua mnaona picha mtandaoni za pembe za ibada zilizopangwa vizuri: Buddha wa duka la mapambo, msalaba, unyoya wa Wahindi Wekundu, mshumaa, na nyuma yake nguzo ya mbao iliyochongwa, wengine hawajui hata imetoka wapi. Sisi tunajua. Imetoka Kilifi. Nguzo hiyo ni kigango. Kigango husimamishwa na Wagiriama kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na kikishasimikwa hakihamishwi. Kinakaa mvuani na juani hadi mchwa na wakati wakimalize, kwa sababu ndipo aliposimamishwa marehemu.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Picha ile ndiyo iliyokuja kuvitambulisha: kimoja kilikuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa kati ya mwaka 2006 na 2007. Wazee walioketi pale mbele wanajua vingapi havijarudi. Vingine vilinunuliwa na matajiri wa California wakavisimamisha sebuleni kwa sababu vinapendeza. Kwa hiyo, kijana wangu, kabla hujaweka kitu kitakatifu cha watu wengine nyumbani mwako, waulize wenyewe kama kinatolewa. Rozari hutolewa, padre atakubarikia hata ukiwa umeinunua sokoni. Ofuda hutolewa kwa yeyote anayekwenda hekaluni kwa heshima. Kigango hakitolewi. Msitu wa kaya haukatwi tawi la kupamba. Ukitaka kuikumbuka kaya, nenda na mzee anayeruhusiwa kuingia, vua viatu, usikilize.

Basi, nyumba zetu. Anzeni na watu, vitu vitafuata. Kaeni pamoja jioni moja, kila mtu aseme mambo mawili: kitu ambacho hawezi kuishi bila kukiona, na kitu ambacho hawezi kusali kikiwa mbele yake. Mtashangaa jinsi orodha zilivyo fupi. Mara nyingi mume anahitaji ukuta mmoja tu, ule wa kaskazini, uwe mtupu, na msahafu uwe juu kuliko vitu vingine vyote chumbani, kwenye marfaa yake au rafu ya juu. Mke anahitaji meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, Biblia na mshumaa, mahali ambapo Jumuiya ikija inaweza kuketi kuizunguka. Mama mkwe Mhindu anataka taa yake na picha ya Krishna, na mahali ambapo hapapitwi na viatu. Bibi hahitaji kitu ndani ya nyumba. Anahitaji mti uani na ardhi ya kumwagia maji, maana koma hawaitwi juu ya vigae.

Kitu kimoja nilichokileta kutoka Nagasaki ni milango. Butsudan ina milango, na nilidharau umuhimu wake hadi nilipokuwa na nyumba yangu. Fundi yeyote hapa Mombasa anayechonga milango ya makabati anaweza kukutengenezea kabati la mvule au mninga la urefu wa kifua. Wakati wa rozari lifunguliwe, mshumaa uwashwe. Ikifika magharibi na baba akitandika msala kwenye chumba kile, lifungwe, na hakuna aliyedharauliwa. Watoto wanajifunza mapema kwamba kufungua na kufunga ni sehemu ya ibada yenyewe, na kwamba mtu mwingine naye ana wakati wake. Ukiwasha taa au mshumaa ndani ya kabati, weka sahani ya shaba chini na usiiache ikiwaka ukitoka. Hilo halihitaji hotuba.

Je, hakuna cha pamoja? Kipo, na hapa pwani tuna bahati nacho. Chetezo. Harufu ya udi na ubani ipo kwenye Maulidi, ipo kwenye Misa, ipo kwenye puja ya Wahindu, na ipo kwenye nguo za bibi arusi wa dini yoyote. Wengi wetu tunaweza kufukiza nyumba jioni ya Alhamisi au Jumapili pamoja, bila mtu kuiacha imani yake mlangoni. Na kingine ni majina. Ninawaomba familia zilizo tayari zifanye hivi: mara moja kwa mwaka, siku mtakayochagua wenyewe, mketi mzunguko mmoja na kila mtu ataje wafu wake kwa majina. Bila sanamu, bila picha, bila sadaka kama hamkubaliani. Mwenye kusoma Fatiha asome kwa upande wake, mwenye Baba Yetu aombe, mwenye kunyamaza anyamaze. Nimeona watoto wakisikia kwa mara ya kwanza jina la babu wa upande mwingine, ambaye hakuwahi kutajwa nyumbani kwa sababu alikuwa wa dini nyingine. Mtoto wa miaka kumi hajui kwamba ana babu. Hilo linaniuma kuliko mzozo wowote wa ukuta.

La mwisho ni jambo ambalo familia nyingi huliahirisha hadi linawakuta. Vitu hivi vitachakaa, na wenye vitu hivi watakufa. Vitaenda wapi? Japani ofuda ya mwaka uliopita hurudishwa hekaluni na kuchomwa kwa ibada, na kabla butsudan haijaondolewa, mtawa huitwa kuitoa roho. Baada ya hapo ni mbao tu, na hata mbao hizo huondolewa kwa adabu. Siku hizi wengi wanaishi kwenye vyumba vidogo vya mijini na makabati yale makubwa hayaingii, kwa hiyo kazi hiyo imekuwa nyingi. Kwetu pia taratibu zipo. Matawi ya Jumapili ya Matawi huchomwa kuwa majivu ya Jumatano ya Majivu. Msahafu uliochakaa hauendi jalalani. Huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa kwa heshima. Sanamu za Kihindu hupelekwa majini. Kigango huachwa hapo kilipo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hamjanunua rafu wala kitambaa, muulizeni kila mzee wa nyumba: kitu chako hiki, ukiondoka wewe, nani akishike? Na kama hakuna wa kukishika, tukipeleke kwa nani? Andikeni jina la mtu, na namba yake ya simu, na jina la msikiti, parokia, mandir au kaya yake. Mbandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati, upande usioonekana. Mtoto wenu mmoja ataihitaji, na siku hiyo huenda dini ya mwenye kitu isiwe dini yake.

Ahsanteni sana kwa kunivumilia. Wenye maswali karibuni, na wazee wa kaya waanze.